Oteo lililogeukiwa na upepo: uchambuzi wa kisa cha kumvizia paa nunga kusini Unguja

Mwishoni mwa Januari, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma sawasawa na majani ya maweni, ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, yakiwa yameanza kunyauka, watu wanne wa kikundi cha uhifadhi cha shehia moja ya kusini Unguja, nami nikiwa mmoja wao, tulijenga oteo la fito na majani katika msitu wa jamii ili tupate kumtazama na kumpiga picha paa nunga akiwa katika shughuli zake mwenyewe. Mwezi wa Februari oteo hilo lilitupa paa mara tatu. Tulipolirudia mwezi wa Juni, baada ya mvua za masika kwisha, halikutupa chochote. Tulikaa asubuhi tisa, kila asubuhi kuanzia kabla ya jua kuchomoza hadi kiasi cha saa nne, na hatukuona hata ukia. Wakati huo huo kamera ya kutega tuliyokuwa tumeifunga mtini, hatua chache kutoka hapo, ilikuwa ikimpiga picha paa katika pito lile lile siku ambazo sisi hatukwenda. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu tulitumia karibu mwezi mzima kutibu maradhi yasiyokuwepo, kila dawa tuliyoitia ikazidi kuliharibu oteo, na sababu ya kweli ilikuwa jambo ambalo mvuvi yeyote wa pwani yetu angelitaja kabla ya jambo jengine lolote.

Mnyama mwenyewe

Paa nunga ni mnyama mdogo wa vichakani, kimo chake mabegani kikiwa kiasi cha sentimita 30 tu na uzito wake, hata akiwa mkubwa, ukiwa kiasi cha kilo 12 hivi. Manyoya yake ni mekundu, kichwani ana kishungi chekundu, miguuni ana madoadoa meupe, na matakoni amepitiwa na ukanda mweupe ambao ndio alama ya haraka ya kumtofautisha na suni, aliye mdogo zaidi na mwenye rangi ya kahawia. Jina lake la kitaalamu, Cephalophus adersi, alipewa mwaka 1918 kwa heshima ya Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika serikali ya Zanzibar ya wakati ule. Nje ya Zanzibar anajulikana kuishi katika misitu ya pwani ya Kenya peke yake, kama vile Arabuko-Sokoke, Boni na Dodori. Hesabu iliyofanywa hapa Unguja mwaka 1999 ilikisia kwamba walikuwa wamebaki kiasi cha 640, ilhali makisio ya miaka ya mwanzo ya 1980 yalikuwa ya maelfu. Vichaka vyake vimekatwa kwa ajili ya kuni, makaa na matanuri ya chokaa, na yeye mwenyewe amewindwa kwa mbwa, nyavu na mitego ya kamba, ingawa sheria inamlinda.

Kamera ya kutega hutueleza kwamba paa amepita, saa ngapi, na alikuwa peke yake au na mwenziwe. Haituelezi amekula jani gani, ameacha lipi, amefuata nini, wala kwa nini ametoka mbio. Maswali hayo ndiyo yanayotuelekeza ni miti gani tuizuie isikatwe, na kuyajibu kunahitaji jicho la mtu aliyekaa karibu bila ya mnyama kujua kwamba yupo.

Ujuzi wa kujenga oteo la chini kwa vitu vya msituni umeandikwa zaidi na wawindaji wa upinde wa Marekani, wanaomvizia kulungu wa mkia mweupe. Nilisoma maelezo yao mengi kabla ya kushika panga, na sijutii, kwa kuwa tatizo lao na letu ni moja. Mtu wa upinde hawezi kumpiga mnyama kutoka mbali kama mtu wa bunduki. Hana budi amngojee afike mita 20 au 30, kisha avute uzi wa upinde, yaani afanye mwendo mkubwa wa mkono, mbele ya macho yaliyozoea kutambua kila kinachotikisika. Mpiga picha naye hunyanyua kamera katika umbali huo huo. Kwa hivyo kanuni zao tulizichukua karibu zote: mtu akae ndani ya kivuli, nyuma yake pawe pazito kuliko mbele, umbo la kichwa na mabega livunjwe kwa matawi, matundu yawe machache, na oteo lijengwe siku nyingi kabla ya kutumiwa ili mnyama alizoee kama anavyozoea mti ulioanguka. Kanuni yao ya kwanza kabisa, wanayoirudia kuliko zote, ni ya upepo. Hiyo pia tuliifuata, kwa siku ile tuliyojenga.

Oteo la kwanza

Maweni hayachimbiki. Mtu aliyezoea udongo wa mashamba ya Kizimbani atashangaa akijaribu kusimamisha mti mmoja tu huku kwetu, kwa sababu chini ni jiwe la matumbawe lenye ncha na matundu, na udongo umejificha ndani ya mifuko midogo midogo baina ya mawe. Fito husimamishwa kwa kuingizwa ndani ya tundu la jiwe na kukazwa kwa vijiwe pembeni mpaka zisitikisike, na zile zisizopata tundu huegemezwa kwenye mashina yaliyo hai na kufungwa kwa kamba ya usumba, ambayo haimeremeti, haitoi sauti ikivutwa, na ikioza huwa taka ya msituni tu. Kamba ya plastiki tulikataa tangu mwanzo na ninashauri kila mtu aikatae.

Pito la paa lilikuwa linakwenda mashariki na magharibi, upana wake kama mikono miwili iliyounganishwa, likipita chini ya vichaka vya mdaa na kutokea kwenye uwazi mdogo. Kwa kuwa kaskazi ilikuwa ikivuma, tulijenga upande wa kusini wa pito, demanini, mita 15 hivi kutoka uwazini. Mabaharia wetu wana maneno mawili ambayo msasi na mpiga picha wanapaswa kuyaazima: joshini ni upande unakotoka upepo, na demanini ni upande unakokwenda. Aliye demanini hupelekewa harufu na upepo. Aliye joshini, harufu yake ndiyo inayopelekwa.

Makosa mawili tuliyafanya siku hiyo hiyo. La kwanza ni kwamba matundu ya kutazamia tuliyaweka kwenye usawa wa macho ya mtu aliyepiga magoti. Maelezo ya Wamarekani yanamhusu mnyama ambaye mabega yake hukaribia mita moja, na sisi tukajenga kwa kipimo chake. Februari yote, paa alipokuja, tulimwona mgongo na ncha za masikio tu. Kinywa chake na alichokuwa akikila vilifichwa na majani ya chini. Kosa la pili lilikuwa kukata matawi ya kufunika oteo kutoka kwenye vichaka vile vile vilivyotuzunguka. Kila tawi tulilolikata liliacha kisiki cheupe na upenyo wa mwanga, na kwa siku chache tu majani yaliyokatwa yakageuka rangi ilhali ya jirani yalibaki kijani. Juu tuliweka turubai la buluu kwa kuogopa mvua, tukalifunika kwa makuti.

Pamoja na makosa hayo, Februari lilifanya kazi, na hilo ndilo lililotupoteza baadaye. Kwa kuwa tulimwona paa mara tatu, tulijiaminisha kwamba mahali ni pazuri na kwamba kilichoharibika Juni ni jengo lenyewe.

Dawa zisizo za maradhi

Tuliporudi mwezi wa Juni tulikuta masika imelifanyia oteo kazi yake. Makuti yalikuwa yamelegea, majani yamepukutika, na pembe moja ya turubai ilikuwa wazi. Baada ya asubuhi tatu tupu, mwenzetu mmoja alikumbusha, na alikuwa sahihi kwa jambo lenyewe, kwamba wanyama wa jamii ya paa na kulungu hawazioni rangi kama sisi. Nyekundu na ya machungwa huwafifilia, lakini buluu huiona vizuri sana. Tukaliondoa turubai. Nashauri lisitumiwe kamwe, ila kuliondoa hakukuleta paa.

Kisha tukaongeza majani. Asubuhi nzima ilipotea kwa kukata matawi, kuyaburura juu ya mawe yanayolia kama vyungu vikigongana, na kuyafunga. Wawili wetu walipitiwa na upupu uliokuwa umejiviringisha kwenye tawi moja na wakajikuna mpaka jioni. Asubuhi mbili zilizofuata zilikuwa tupu zaidi ya zile za mwanzo, kwani hata kororo, ndege wa jamii ya kanga, waliokuwa wakipita karibu na oteo kila siku bila ya wasiwasi, walizunguka kwa mbali. Hapa pana funzo la ufundi ninalotaka lisomwe vizuri: oteo linaloongezwa majani kila wiki si oteo tena, ni kazi ya ujenzi inayoendelea katikati ya makazi ya mnyama.

Baada ya hapo tukageukia nguo. Sabuni nyingi za unga huwekwa dawa ya kuzifanya nguo zionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo hurudisha mwanga wa aina ambayo macho ya wanyama hawa huipokea kuliko yetu. Tukafua nguo zetu za msituni kwa maji matupu na kuzianika kivulini. Tukaacha pia mafuta mazuri, na mmoja wetu ambaye nguo zake zote hufukizwa udi nyumbani akaazima nguo za mwenziwe. Kwa hatua hiyo tulikuwa tumeukaribia ukweli bila ya kuutambua, maana tulikuwa tunashughulikia harufu, lakini tuliihesabu harufu kuwa ni kitu kinachopakwa mwilini, tukasahau kwamba mwili wenyewe unanuka, na kwamba hapana sabuni itakayomfanya mtu anuke kama mdaa.

Picha moja

Kilichotutoa katika kukisia ni kamera ya kutega. Tuliketi jioni moja na daftari la vikao upande mmoja na picha za kamera upande wa pili, tukalinganisha siku kwa siku. Siku tulizokuwepo, isipokuwa moja, hapakuwa na paa. Siku ile moja palikuwa na picha tatu zilizofuatana, iliyo ya kwanza ya saa moja kasoro dakika nane asubuhi, sisi tukiwa tumekaa ndani ya oteo tangu saa kumi na moja na nusu.

Picha hiyo ninaweza kuieleza kwa kufumba macho. Paa jike amesimama kwenye kona ya pito upande wa mashariki, mguu mmoja wa mbele ameunyanyua na kuukunja, shingo ameinyoosha, masikio yote mawili ameyaelekeza upande wetu, na pua yake imelowa inameremeta. Katika picha ya pili mguu umeshuka na kichwa kimegeuka. Katika ya tatu unaonekana ukanda mweupe wa matakoni tu, unaingia kichakani.

Jambo la kuzingatia ni pale aliposimama. Baina ya kona hiyo na oteo letu pana jiwe kubwa lililopita kimo cha mtu, lililofunikwa na mizizi ya mti. Kutoka pale hawezi mnyama wala mtu kuliona oteo, liwe na majani mengi au machache, liwe na turubai la buluu au la. Kwa hivyo hakutuona. Sauti nayo tuliiondoa katika hesabu, kwa sababu daftari linaonyesha kwamba wakati huo hatukuwa tumetikisika wala kukohoa, na kima waliokuwa juu ya miti walikuwa wakiendelea kula. Ikabaki pua. Lakini hata hapo hatukulielewa jambo mpaka mwisho, kwa kuwa kusi, upepo wa kutoka kusini unaovuma Juni, kwa mawazo yetu ingeipeleka harufu yetu moja kwa moja kaskazini, na kona ile iko mashariki.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa mzee mmoja wa kijijini ambaye katika ujana wake alikuwa msasi wa nyavu, kabla ya paa kuwa mnyama wa kuhesabiwa. Nilimkuta barazani akisuka pakacha.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia mwamtafuta nunga kwa kukaa kitako.”

Nikamweleza yote, turubai na majani na nguo. Alinisikiliza bila ya kusimamisha mikono, kisha akauliza tumekaa upande gani wa njia ya paa. Nikamwambia kusini. Akauliza sasa ni upepo gani. Nikamwambia kusi.

“Basi kila asubuhi mwamtumia salamu,” akasema, “naye akishazipokea anakwenda zake. Sisi wenye nyavu tulikuwa tukikaa demanini na mbwa wanaingizwa kutoka joshini. Upepo ukigeuka, tulikunja nyavu tukahama. Hakuna aliyebishana nao.”

Nilimuuliza kuhusu kona ya mashariki. Hakunijibu kwa maneno. Aliingia ndani, akatoka na mto uliochanika, akachomoa konzi ya usufi na kunitilia kwenye karatasi. “Kauachie kidogo kidogo,” akaniambia, “uufuate kwa macho mpaka utue.”

Usufi

Asubuhi iliyofuata nilikaa ndani ya oteo peke yangu na karatasi ile. Jivu hutumiwa na wengi kwa kazi hii, na wawindaji wa Marekani hutumia unga ndani ya kichupa, lakini vyote viwili hupotea machoni baada ya hatua mbili tatu, ilhali usufi huonekana ukielea hadi mwisho wa safari yake. Nilichukua uzi mmoja, mwepesi kiasi kwamba sikuuhisi baina ya vidole, nikauachia mbele ya tundu la kutazamia. Ulitoka nje polepole kuelekea kaskazini, kama nilivyotarajia. Ulipofika juu ya pito ukakutana na ukuta wa kichaka cha upande wa pili, ambacho ni kizito na hakipenyeki, ukasita, ukashuka mpaka karibu na ardhi, kisha ukageuka kulia na kuanza kusafiri ndani ya pito lenyewe, kimo cha goti langu, kuelekea mashariki. Nilitoka nikaufuata. Ulipita kando ya lile jiwe kubwa na kutua kwenye jani kavu pale pale aliposimama paa jike. Nilirudia mara saba. Mara tano usufi ulikwenda huko huko.

Pito la mnyama katika maweni, kwa jinsi vichaka vilivyobanana, ni mfereji. Hewa inayozuiwa na ukuta wa majani haiupandi. Hutafuta upenyo, na upenyo ni njia ile ile anayoijia mnyama. Harufu yetu ilikuwa inamwagwa ndani ya mfereji huo na kutembea kwenye usawa wa pua yake. Februari, kaskazi ilikuwa ikiichukua harufu hiyo nyuma yetu, kuelekea upande usio na mapito, na ndiyo maana oteo lenye makosa yote yale lilifanya kazi. Hapakuwa na kitu kilichoharibika baina ya Februari na Juni isipokuwa kwamba upepo wa Bahari ya Hindi uligeuka, kama unavyogeuka kila mwaka tangu enzi za jahazi za Ghuba.

Oteo la pili

La pili tulilijenga upande wa kaskazini wa pito, na kwa ruhusa ya kamati ya shehia hatukukata tawi hata moja ndani ya msitu. Tulichagua mahali ambapo nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa: jiwe refu kwa nyuma, mti ulioanguka upande mmoja, na kichaka cha mdaa hai upande wa pili. Kilichohitajika ni ukuta mdogo wa mbele na kuziba nyufa. Fito zililetwa kutoka kijijini, zikiwa kavu na zimeshapoteza weupe wa kukatwa, na majani tuliyaokota chini, makavu, yaliyopukutika yenyewe, tukayafuma ndani ya fito kama mtu anavyofuma ua la kitongoji. Majani makavu hayanyauki zaidi ya yalivyonyauka, kwa hivyo oteo hilo lilikuwa na rangi moja tangu siku ya kwanza hadi tulipoliondoa.

Mbele tuliacha matundu mawili tu, na tuliyaweka chini sana, kiasi cha shubiri mbili kutoka ardhini, ili lenzi imtazame paa usoni badala ya kumtazama mgongoni. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kukaa juu ya kiti wala kigoda. Tulitandika jamvi juu ya makumbi ya nazi, kwa kuwa jiwe la matumbawe halikalikiki saa nne mfululizo, na mtu asiyekaa vizuri hutikisika.

Mgongo wa oteo ulitupa kazi kuliko mbele yake. Mwezi wa Julai jua kwetu huwa upande wa kaskazini, kwa hivyo lilikuwa nyuma yetu, na ufa wowote wa nyuma ungemchora mtu kama kivuli juu ya pazia. Tuliziba kwa tabaka tatu za makuti makuukuu na kupaka mawe ya karibu kwa masizi. Nilipolifikiria jambo hili zaidi niliona lina mpangilio wake kisiwani petu. Kaskazi inapovuma, jua liko kusini. Kusi inapovuma, jua liko kaskazini. Anayejenga demanini, katika msimu wowote ule, atakuwa na jua mgongoni na mwanga mzuri juu ya mnyama, mradi nyuma yake asiache ufa.

Njia ya kuingilia nayo tuliipanga. Zamani tulikuwa tukilikata pito la paa ili kulifikia oteo, na kila asubuhi tuliacha harufu ya viatu juu ya njia yake. Sasa tuliingia kutoka kaskazini, kwa mzunguko mrefu, na jioni iliyotangulia mmoja wetu aliondoa majani makavu na vijiwe vilivyolegea katika hatua 30 za mwisho ili mguu usilie gizani. Tuliingia mara baada ya sala ya alfajiri. Usufi ulikaa mfukoni, na tuliuachia kila baada ya nusu saa. Ukielekea uwazini mara mbili mfululizo, kikao kilivunjwa hapo hapo, hata kama ni saa moja tu ya asubuhi. Kanuni hiyo ilitukera vijana tulipokuwa na hamu, na ndiyo kanuni ninayoiona kuwa na thamani kuliko jengo lote.

Asubuhi ya tatu ya Julai ndani ya oteo la pili, kundi la kima punju lilifika juu ya uwazi kiasi cha saa moja na nusu na kuanza kula machipukizi, yakidondoka kama mvua nyepesi. Paa hujua kuwafuata kima kwa ajili ya kile wanachokiangusha. Hatukumsikia akija. Uwazi ulikuwa mtupu, kisha alikuwemo. Aliingia kutoka mashariki, kwenye kona ile ile, akasimama, akanyanyua pua juu, nasi tukazuia pumzi, akaishusha. Alikuja mpaka mita nane au tisa kutoka kwenye tundu. Niliona jinsi anavyochagua: aliligusa jani moja la kijani kwa mdomo wa juu akaliacha, akachukua ua lililoanguka, akalitafuna upande mmoja wa taya, sikio moja likiwa kwa kima na moja likizunguka peke yake. Nzi alitua kwenye tezi iliyo chini ya jicho lake, akatikisa kichwa, na kishungi chekundu kikasimama kama manyoya ya jogoo. Alikaa dakika 11. Kamera ilipolia mara ya kwanza alinyanyua kichwa, akaangalia tundu moja kwa moja, na mimi nikaona taswira ya matawi ndani ya jicho lake. Kisha akarudi kula.

Mpaka mwisho wa Septemba tulimwona, yeye au mwenziwe, katika vikao vingi kuliko tulivyomkosa, na daftari letu sasa lina orodha ya miti minane ambayo tumeiona kwa macho yetu wenyewe akila majani, maua au matunda yake yaliyoanguka, mdaa ukiwemo. Orodha hiyo tumeipeleka kwenye kamati ya shehia ili miti hiyo itajwe katika makubaliano ya kutokata kuni.

Bado kuna jambo moja linalonitia wasiwasi, nalo ni la usalama wa mnyama. Oteo lililojengwa vizuri humhifadhi yeyote atakayekaa ndani yake, na hajulikani atakayekuja usiku na tochi na kamba ya mtego. Mwezi wa Agosti tulikuta kitanzi cha waya kwenye pito jengine, umbali mfupi tu kutoka kwetu. Kwa sababu hiyo mahali hasa pa oteo hapatajwi katika maandishi yoyote ya kikundi, yakiwemo haya, na tuliafikiana kwamba lisiachwe limesimama hata siku moja baada ya msimu wake kwisha. Mwanzoni mwa Novemba, usufi ulipoanza kutuyumbia na kutua nyuma ya oteo siku moja na mbele yake siku ya pili, tulifungua kamba, tukazitoa fito kwenye matundu ya mawe moja baada ya moja, tukayatawanya majani, na kuzirudisha fito kijijini mabegani. Zimewekwa chini ya uvungu wa banda la mbuzi la yule mzee, zikisubiri kaskazi ikae sawa ili tuvuke pito na kujenga upande wa pili.